Haibiskasi yangu Dodoma inadondosha vitumba kabla ya kuchanua, nifanyeje?

Mtanga wa Ilazo:
Habari zenu wakuu. Nilihamia Dodoma mwaka jana kikazi. Kwa mama kule Tanga haibiskasi hailelewi, unachomeka kijiti mvua zikianza, ukirudi unakuta maua mekundu. Nikabeba vijiti vinne, nikapanda mbele ya sebule. Viwili wamekula mchwa. Viwili vimefika kiunoni, lakini majani mapya yanatoka ya njano, mishipa tu ndiyo inabaki ya kijani. Vitumba navyo vinadondoka vikiwa kama punje ya harage. Namwagilia kila jioni maji ya kisima, urea nimeshaweka mara mbili. Kijana wa bustani anasema ning'oe nipande bogenvilia. Roho inasita, ni mbegu ya mama hii.

Kibuyu:
Choya si inakubali sana huku? Au umekosea msimu?

Mtanga wa Ilazo:
Siyo choya mkuu. Choya unavuna ya juisi, msimu ukiisha imekufa. Hii ni ya maua, ya kwa mama ina umri wangu.

Fundi Miche:
Dada, birika lako la chai lina ukoko mweupe ndani?

Mtanga wa Ilazo:
Lina ukoko hadi aibu kwa wageni. Kwani vipi?

Fundi Miche:
Basi hiyo njano imetoka kisimani. Maji yenye chokaa yakimwagwa kila siku, udongo unabadilika, mizizi inashindwa kuchukua madini ya chuma. Chuma chenyewe kipo, wekundu wa udongo wetu ni chuma hichohicho, ila kimefungwa. Tafuta mbolea yenye chuma ya kunyunyizia majani, nyunyiza jioni jua likishapoa. Weka na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Mvua zikija kinga maji ya bati, hata pipa moja, hayo ndiyo ya haibiskasi. Ya kisima oshea gari.

Zabibu Tamu:
Aongeze na majivu ya jikoni. Mimi nyanya zangu zilipona.

Fundi Miche:
Hapana, hapo hapana. Majivu yanafanya kazi ileile ya chokaa, atazidisha njano. Urea nayo aache, inaleta majani tu. Na kumwagilia kidogo kila jioni kunalowesha juu, mizizi inabaki juu, jua la Oktoba likiwaka na ule upepo, mti unatupa vitumba ili ujiokoe. Chimba kisahani kuzunguka shina, mwaga ndoo mbili kubwa kwa mara moja, kisha subiri siku tatu. Funika na nyasi kavu.

Zabibu Tamu:
Nyasi kavu Dodoma? Ameshapoteza vijiti viwili kwa mchwa, unataka awaandalie karamu! Aweke kokoto.

Fundi Miche:
Hapo umenishinda, kokoto ni sawa. Dada, huyo kijana anapogoa mara ngapi?

Mtanga wa Ilazo:
Kila baada ya wiki mbili, anainyoosha na mkasi iwe bapa kama meza.

Fundi Miche:
Loh! Ua la haibiskasi linatoka kwenye chipukizi jipya, kwenye ncha. Yeye anakata ncha. Mwambie apogoe mara moja tu, mwishoni mwa Novemba kabla mvua hazijashika, atoe kama theluthi, kisha mkasi aufungie kabatini. Na vitumba vilivyodondoka vipasue uone ndani.

Mtanga wa Ilazo:
Nimepasua sita. Viwili vina vidudu vyembamba vinatembea, vinne safi.

Fundi Miche:
Vinne ni kiu hiyo. Vyenye wadudu okota kila asubuhi, choma.

Mtanga wa Ilazo:
Asanteni sana. Nimempigia mama, kaniuliza nani kanituma niwanyweshe chumvi watoto wake.

Kibuyu:
Mkipogoa hiyo Novemba msitupe vijiti. Niko Nzuguni, nakuja na ndoo.