Kijito kinakula ukingo, kibwawa kimejaa tope

Wakuu, nyuma ya nyumba kuna kijito kinaingia kwenye kibwawa, sasa maji yamekuwa kijani yananuka na kila mvua ikipiga ukingo unamegeka, nianzie wapi, nizoe tope kwanza ama?

— Usianze na tope mkuu. Anza kule juu udongo unakotoka, la sivyo utazoa leo mvua ijayo irudishe yote. Na huo ukingo ulaze kidogo usisimame kama ukuta, halafu panda matete.

— Hiyo kijani ni mwani, na mara nyingi unalishwa na mbolea ya bustani inayoshuka humo, acha kuimwaga karibu.

— Tope lenyewe zoa nusunusu, kerengende wanazaliana humo na watoto wao ndio wanakula viluwiluwi vya mbu. Mimi nilikomba lote siku moja, weee, mbu walivyonikomesha!