Mtoto bado hajafika miaka mitatu, nimpeleke shule? Tupeane uzoefu

Wazazi wenzangu, hamjambo. Binti yangu atatimiza miaka mitatu mwezi wa Machi. Dada wa kazi amenidokezea kuwa akienda kwao Krismasi harudi. Pleigrupu (darasa la wadogo kabla ya chekechea) iliyo nyuma ya ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, iko tayari kumpokea Januari, lakini mama mkwe akisikia anauliza, "Mtoto bado ananuka maziwa, mmeshamchoka?" Nyinyi mliwapeleka wakiwa na umri gani? Niambieni yaliyowakuta wenyewe, si ya kusikia.

Baba Zuri, Pipeline: Mimi nilikimbia. Kijana alikuwa na miaka miwili na nusu. Mtoto wa jirani, rika lake, alikuwa anaimba siku za wiki, nikaona wetu anaachwa. Basi la shule lilikuwa linamchukua saa kumi na mbili kasorobo, giza bado. Jioni naletewa mtoto amelala, kiatu kimoja mkononi, uji umekaukia kwenye sweta. Mafua muhula mzima. Hayo si kitu. Walizidi kumsukuma mbele, akamaliza PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, akiwa na mitano na miezi michache, ndipo wakasema Gredi ya 1 haiwezi. Akarudia. Wenzake walipovaa sare mpya, aliniuliza amekosa nini. Sikuwa na jibu.

Mwalimu wa PP1: Kwa utaratibu PP1 ni miaka 4, PP2 ni 5, Gredi ya 1 ni 6. Pleigrupu haimo humo, kwa hivyo msitishwe na maneno ya kuachwa. Siku ya kwanza mimi siulizi kama anajua a-e-i-o-u. Naangalia kama atasema "mwalimu, choo" mapema, na kama anaweza kufungua kikopo chake cha chakula. Na tafadhali, msiwafunge mishipi! Nikihangaika na mshipi wa tatu, wa nne ameshajikojolea. Suruali ya lastiki, basi.

Mama Ray, Kawangware: Wanaosema ngoja wana mtu nyumbani. Mimi nauza mitumba soko la Toi, nisipotoka hatuli. Wangu alikaa bebikea ya shilingi 100 kwa siku, watoto kama ishirini chumba kimoja, televisheni tangu asubuhi. Alikuwa anarudi kimya, mpaka naogopa. Alipokaribia minne nikampeleka chekechea ya kaunti. Chakula cha mchana, hiki cha mpango wa kaunti unaoitwa Dishi na County, ni shilingi 5. Anagusisha bangili kwenye mashine, na hiyo bangili hakubali kuivua hata akioga. Kuongea? Siku hizi namwomba apumzike kidogo.

Mama Desemba, Kasarani: Wangu alizaliwa wiki ya Krismasi, angekuwa mdogo kuliko wenzake darasani. Nilingoja mwaka mzima, nikachekwa. Sijuti.

Aliyeuliza: Asanteni sana. Mwalimu, jana nimemwambia avue jinzi mwenyewe. Amepambana na kifungo, akakaa chini, akasema, "Mama, hii imekataa." Basi nimeamua: pleigrupu mpaka saa sita, halafu mama wa ghorofa ya chini atakaa naye hadi nirudi, tumeshaelewana bei. PP1 tutaizungumzia akifika minne. Sasa, nani ana maneno mazuri ya kumwambia mama mkwe? Anakuja Jumamosi.