Tupeane uzoefu: Kiwanja kilichokuwa yadi ya betri, udongo wake mliufanyaje?

Jiwe la Bismarck:
Wakuu, habari za jioni. Mwaka juzi nilinunua kiwanja Nyakato, hapa Mwanza, jirani na viwanda. Bei ilikuwa rahisi mno, nami badala ya kujiuliza nikamshukuru Mungu. Wakati wa kuchimba msingi wa choo ndipo mafundi wakaibua vipande vya maboksi meusi ya betri, na udongo wa kijivu kama majivu. Mzee wa jirani akacheka: "Hukuambiwa? Hapo palikuwa pa wapasua betri. Maji yake walimwaga pale kwenye mwembe, risasi, yale madini ya ndani ya betri, wakayeyusha hapo ulipojenga jiko."

Tumeshahamia. Mtoto wangu mdogo ana miaka 2 na udongo anautafuna kama karanga. Tafadhali msiniambie nihame, hela yangu yote iko chini ya haya mabati. Waliopitia hili: mlitoa udongo? Mkaupeleka wapi?

Sangara76:
Mkuu, mimi nina dhambi ya kutubu. Miaka ya tisini, Kirumba. Nyavu zilitaka chubwi, yaani vizito vya kuzizamisha, chubwi za dukani ghali, betri mbovu za bure. Tulipasua kwa shoka, tukang'oa sahani, tukayeyusha kwenye sufuria kuukuu na kumimina kwenye vishimo vya mchanga mbichi. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linatosha. Ndiyo ubaya wake huo, kazi ambayo chuma kingekataa, yenyewe inakubali uani kwa mama.

Yale makapi ya juu tulikwangua na kutupa kwenye mchicha. Mchicha ukastawi, tukala. Mdogo wetu wa mwisho alichelewa kusema na shule ikamshinda. Sisemi ni risasi, hakupimwa. Lakini lile jiko sijalisahau.

Mama Kulwa:
Baba, pole. Sisi tulitoa udongo, na tulikosea karibu kila kitu, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Ni Mabatini, nyumba ya urithi, nyuma yake palikuwa na fundi wa kuchaji na kufufua betri miaka mingi. Tulipoambiwa udongo una risasi tukaita vijana watatu wenye makoleo. Kosa la kwanza, ilikuwa Julai, vumbi tupu. Wakakwangua udongo mkavu, upepo wa ziwani ukaubeba hadi kwenye mikeka ya dagaa wa jirani na kwenye mapazia yangu. Vijana wakaenda kula na mikono ileile. Hatukuwa na barakoa, hatukunyunyiza hata ndoo moja ya maji.

Kosa la pili, tukaupakia kwenye mkokoteni na kumlipa mtu akaumwage korongoni, mbali na macho yetu. Zilipokuja mvua za Novemba, korongo likashusha kila kitu kuelekea Mirongo, na Mirongo unajua unakoishia. Yaani tuliutoa uani tukaupeleka ziwani, halafu tunakwenda kununua samaki.

La tatu linaniuma zaidi. Kabla ya mvua, kuna watu walikuwa wameshajichotea ule udongo wa korongoni. Ulikuwa laini, mzuri kwa kukandika. Mmoja wao alikuwa mjamzito, na ninyi mnajua wajawazito wanavyomega udongo ukutani. Nilikwenda kumwambia. Akanijibu, "Mama Kulwa, udongo nao unaninyima?"

Safari ya pili tulifanya hivi. Sehemu mbaya kabisa, chini ya lile banda la fundi, tulilowesha, tukasakafia juu kwa zege. Penginepo tukatandika kifusi safi, kisha changarawe, na mbele tukapanda pasipalamu. Mboga nimezipandisha kwenye matuta ya kuzungushia matofali, udongo wa kuletwa. Viatu vinabaki nje. Ndani sifagii tena, napiga deki.

Mpima Udongo:
Mama Kulwa kamaliza, mimi naongeza vipimo tu. Usichimbe kisima kutafuta risasi. Inashikamana na udongo wa juu, haizami kama chumvi, kwa hiyo chota sentimita 2 au 3 za juu. Uani kwako gawa maeneo: wanapochezea watoto, bustani, chini ya mwembe, mlangoni. Kila eneo na mfuko wake. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa Mwanza, anzia huko. Wamarekani mwaka 2024 walishusha kiwango cha kuanza kuchunguza uwanja wa makazi kutoka miligramu 400 kwa kilo ya udongo hadi 200.

Na mtoto apimwe damu. Shirika la Afya Duniani linasema ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, risasi ya machimbo ya dhahabu iliua watoto zaidi ya 400, na madaktari walitaka vijiji visafishwe kwanza ndipo waanze dawa. Ukimtibu mtoto ukamrudisha uani uleule, umetwanga maji.

Jambo moja litawafurahisha watu wa ziwa. Oakland, California, walichanganya unga wa mifupa ya samaki kwenye udongo wa mtaa mzima. Fosfati ya mfupa inaikamata risasi, inakuwa ngumu tumbo kuinyonya. Haiondoki, ila makali yanapungua. Juu yake waliweka udongo safi na nyasi.

Sangara76:
Yaani mapanki! Mungu hamtupi mja wake.

Mpima Udongo:
Yakisagwa unga, mzee. Ukizika mapanki mazima utavuna mbwa.

Mpwani:
Niko Nyegezi ila kwetu Mombasa. Jirani na Owino Uhuru, mtaa uliolemewa na kiwanda cha kuyeyusha betri, kilichofungwa 2014. Phyllis Omido aliwapigania, na 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo usafishwe. Rufaa zikafuata, miaka ikaenda. Dadangu alikuwa akisema hukumu hailazi vumbi. Basi Jiwe, mwaga zege lako wakati unasubiri wakubwa.

Jiwe la Bismarck:
Asanteni sana wote, na shikamoo Mama Kulwa. Mrejesho baada ya miezi miwili: sampuli ya damu ilibidi isafirishwe, mtoto kakutwa na mikrogramu 9. Daktari kasema tuondoe chanzo, tumpe vyakula vya madini ya chuma na dagaa kwa wingi, turudi kupima. Jikoni na chini ya mwembe nimemwaga zege, huku mke wangu akinyunyiza maji mpaka fundi akalalamika matope.

Kilichobaki ni udongo wa kijivu wa shimo la choo. Nimeujaza viroba 34, viko nyuma ya nyumba chini ya turubai. Nimeuliza ofisi mbili pa kuupeleka, kila moja imenielekeza kwa mwenzake. Jana jioni kaja kijana na guta, anauliza kama nauza. Anataka kujazia msingi.