Mnaowaambia watu treni ya Mbeya–Dar ni "basi la bei rahisi", acheni kupotosha!

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa hasira, sitaukoleza sukari. Likizo ikikaribia tu wanaibuka wajuaji: "Nenda TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) pale Mbeya, nauli poa, kesho yake mapema uko Dar." Mapema ya wapi? Kwa reli ni takribani kilomita 850, na hata siku treni inapotembea vizuri safari inakula karibu siku nzima, usiku na mchana. Mtu ana usaili Jumatatu saa tatu asubuhi, ninyi mnampandisha treni inayotarajiwa kufika Jumapili jioni! Mwenye ushahidi wa kutoa mahakamani, mwenye ndege, mwenye miadi ya hospitali, mwambieni aache siku moja kamili katikati. Kama hana hiyo siku, apande basi pale stendi ya Nane Nane, Mbeya, tusidanganyane.

Halafu treni ikichelewa mnamtukana dereva. Hivi mnajua reli yenyewe ilivyo? Njia ni moja. Treni mbili zinapishana tu kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Yako ikipoteza zamu, inakaa kusubiri ya mizigo ipite, na kwa kukaa hapo inaharibu na mapishano yanayofuata huko mbele. Kisha njoo kipande cha Mlimba–Makambako: kilomita kama 158, ndani yake mahandaki 18 kati ya 22 ya reli nzima, madaraja yasiyoisha, kona na mlima. Masika udongo unaporomoka, mwendo unapunguzwa. Kichwa cha dizeli kikipanda na mzigo kwenye chuma kilicholowa, magurudumu yanazunguka bila kushika, ndiyo maana kinamwaga mchanga relini. Behewa la mizigo likianguka popote, hakuna barabara ya mchepuko. Wote mnasubiri.

Na wale wa "utaona mahandaki, utapiga picha"! Kuondoka Mbeya mchana maana yake Makambako unaifikia giza limeingia au linaingia. Mahandaki utayajua kwa masikio, mlio unapobadilika ghafla na moshi wa dizeli unapoingia dirishani. Ukiwa mwelekeo huo, raha yako iko kwingine: kwanza kupanda Uyole, sehemu ya juu kabisa ya reli yote, karibu mita 1,790 juu ya bahari. Asubuhi inayofuata, ratiba isipovurugika, unapita Hifadhi ya Nyerere na twiga wanaonekana bila kulipa kiingilio. Mtu akitaka milima ndiyo aione, aulize stesheni saa ya kupita kati ya Mlimba na Makambako, asiulize saa ya kuondoka peke yake. Na aulize kwanza kama treni ya abiria ipo wiki hiyo. Ratiba ya mwaka juzi mliyoipiga picha mkaitunza kwenye simu ifuteni.

Sasa vitanda. Daraja la kwanza kabini ni vitanda vinne, la pili sita. Wanaume kwao, wanawake kwao. Kila mara kuna bwana harusi anapiga kelele mlangoni kwamba ametenganishwa na mkewe, na aliyemshauri hakumwambia kwamba mke na mume wakitaka kukaa pamoja wanalipia kabini nzima: tiketi nne za daraja la kwanza, hata kama watu ni wawili. Ukiwa na familia ya wanne hapo ndipo treni inapolipa kweli. Watoto wanalala, mlango unafungwa kwa ndani, hakuna kukunja miguu kama kwenye basi.

Kitanda cha chini, jamani, mchana ni kiti cha kabini nzima. Kama hupendi kukaliwa, chukua cha juu. Kina joto zaidi mkifika bonde la Kilombero, lakini hakuna wa kukuamsha akitaka pa kukalia.

Ila wanaonichefua kuliko wote ni wenye mizigo. Gunia la viazi la lumbesa linaburutwa mpaka kwenye korido ya vitanda, bado lina udongo mbichi wa shambani. Usiku mtu anakwenda chooni gizani anajikwaa. Mikungu ya ndizi za Tukuyu inaegemezwa mlangoni mwa kabini, utomvu unachirizika kwenye shuka za watu. Behewa la vifurushi lipo! Mzigo unapimwa, unalipiwa, unapewa stakabadhi, na unaichukua mkononi hadi Dar, maana bila hiyo stakabadhi kuutoa ni shughuli. Andika jina na stesheni ya kushukia kwenye gunia lenyewe kwa rangi au kalamu nzito. Karatasi ya kubandika huchanika.

Choo: mengi ya mabehewa yale yanamwaga moja kwa moja chini relini. Treni ikisimama stesheni, jizuie. Wapo akina mama wanauza chakula hatua tatu kutoka pale.

Maji huisha, tena mapema. Dumu la lita tano la kunawia na angalau lita tatu za kunywa kwa kila mtu. Chakula cha behewa la chakula ni kizuri kikiwa kipya, wali au ugali na kuku, ila agiza mapema, usisubiri njaa. Noti ndogo ndogo ni lazima, muuza ndizi wa Mlimba hana chenji ya elfu kumi na treni haimsubiri. Blanketi beba, Juni na Julai baridi ya Makambako haina huruma, na saa chache baadaye mtakuwa mnavua mashati. Dirisha likazwe kwa kipande cha mbao usiku, begi lifungwe kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo ya kitanda. Wezi hupenda stesheni za usiku, mkono unaingia dirishani wakati treni inaanza kuondoka.

NYONGEZA, kwa walioniuliza chini:

Iringa haina reli. Msimwambie mtu "shuka Iringa". Anashuka Makambako, anapanda basi la barabara kuu, zaidi ya kilomita 150 bado. Wa Njombe na Songea naye Makambako. Akishuka usiku wa manane alale hapo hapo, nyumba za wageni zipo mjini.

Wa kwenda Zambia: ukaguzi wa hati ni mpakani, Tunduma na Nakonde. Pasipoti na kadi ya homa ya manjano ziwe mkononi, zisiwe chini ya begi. Kwacha ukibadilisha, hesabu noti zake mara mbili kabla hujatoa zako. Akianza kukuharakisha, rudisha.

Mkuu uliyeuliza kama SGR, ile reli mpya ya umeme, itaunganishwa na TAZARA pale Dar: vipimo vya njia ni tofauti. TAZARA ni milimita 1,067, SGR ni 1,435. Behewa la huku halipiti kule. Ukifika Dar unashuka stesheni ya TAZARA iliyoko Barabara ya Nyerere, unatafuta usafiri wa kwenda stesheni ya SGR na begi lako kichwani.