MJADALA: Siku ya Brahma ni miaka bilioni 4.32. Je, wahenga wa India walijua umri wa dunia?

Kipepeo (mleta mada)

Wadau, kuna hoja inazunguka sana. Mafundisho ya Kihindu yanasema siku moja ya Brahma, mungu muumbaji, yaani kalpa, ni miaka 4,320,000,000. Wanasayansi nao wanaipa dunia miaka bilioni 4.54. Juu ya hapo, Purana, vitabu vya kale vya masimulizi matakatifu ya Kihindu, zinasema malimwengu hayana idadi na kila ulimwengu una Brahma wake. Wapo wanaosema hii ni sayansi iliyotangulia, watoto wa India wafundishwe hivyo shuleni. Wengine wanasema ni ngano tu. Hata Carl Sagan, mwanasayansi wa anga wa Marekani, katika kitabu chake cha 1980, aliandika kwamba hii ndiyo dini pekee ambayo vipimo vyake vya muda vinalingana na vya elimu ya anga ya leo. Mnasemaje?

Falaki

Mkuu, umemkata Sagan katikati. Ndani ya sentensi hiyo hiyo alisema ulinganifu huo bila shaka ni wa bahati tu. Kipande hicho hakisambazwi.

Tuje kwenye hesabu. Kuna yuga nne, yaani zama nne; ya mwisho, Kaliyuga, ni miaka 432,000. Dvapara ni mara mbili yake, Treta mara tatu, Krita mara nne. Jumla ni 4,320,000, ndiyo mahayuga moja. Mahayuga 1,000 zinafanya kalpa. Hadi hapo hakuna ubishi, ila bado hatujaulizana siku hiyo ya Brahma imefika saa ngapi.

Surya Siddhanta, kitabu cha kale cha falaki, inaigawa kalpa kwa Manu 14, yaani watawala wa vipindi, kila mmoja na mahayuga 71. Zidisha, unapata 994. Zimepungua sita, na zinajazwa na vipindi 15 vya mapambazuko vilivyowekwa mwanzoni na baada ya kila Manu, kila kimoja kirefu kama Kritayuga. Sisi tuko chini ya Manu wa 7, Vaivasvata, katika mahayuga ya 28, ndani ya Kaliyuga iliyoanza Februari 3102 KK. Kwa hiyo Manu sita waliopita ni mahayuga 426, mapambazuko saba ni 2.8, mahayuga zilizokamilika chini ya Vaivasvata ni 27, na yuga tatu za mwanzo za hii ya 28 ni 0.9. Jumla 456.7. Zidisha kwa 4,320,000: miaka 1,972,944,000, ongeza elfu tano na ushei za Kaliyuga.

Basi umri unaotoka kwenye maandiko yenyewe ni bilioni 1.97. Hiyo 4.32 ni urefu wa mchana mzima wa Brahma, na usiku wake ni mrefu vilevile. Kwa saa zetu za Kiswahili, ambazo nazo huanza kuhesabiwa jua likichomoza, Brahma yuko kwenye saa tano na nusu asubuhi. Anayelinganisha 4.32 na 4.54 analinganisha urefu wa siku na muda uliokwisha kupita.

Mlinzi wa Mila

Ndugu Falaki, hesabu zako ni safi, lakini umeshika tawi ukaacha mti. Hoja yangu haiko kwenye tarakimu. Watu hawa walithubutu kuwaza kwa mabilioni. Na si muda peke yake: Vishnu Purana inalieleza yai la Brahma, brahmanda, limezungukwa na maji, kisha moto, kisha upepo, kisha anga, na tabaka nyingine tena, kila moja mara kumi ya iliyotangulia. Halafu inasema mayai ya namna hiyo yako maelfu na makumi ya maelfu, hata koti kwa koti, na koti moja ni milioni kumi. Bhagavata, Purana nyingine, inasema yanapita kwenye vinyweleo vya Mungu kama chembe za vumbi dirishani. Hizo utaziita ngano tu?

Falaki

Siziiti ngano. Ila mabilioni yana kazi yake, na kazi hiyo naiona ni kubwa kuliko kubahatisha umri wa dunia. Wanafalaki wa India walitaka kipindi ambacho kila sayari inakamilisha mizunguko bila kubaki sehemu. Mmoja wao, Aryabhata, kwa mwaka anaoutaja wa 499, anaipa mahayuga mizunguko ya jua 4,320,000, ya mwezi 57,753,336, ya Zohali 146,564, na siku 1,577,917,500. Gawa siku kwa mizunguko ya mwezi: siku 27.32. Gawa kwa mizunguko ya jua: siku 365.2587, imezidi mwaka halisi wa nyota (muda wa jua kurudi kwenye nyota ile ile) kwa dakika tatu na kidogo. Kipindi kikiwa kifupi, desimali hizo hazikai kwenye namba kamili. Ndiyo maana kikarefushwa.

Tena Aryabhata huyo hakufuata mpango wa Purana. Alizifanya yuga nne ziwe sawa, 1,080,000 kila moja, akampa kila Manu mahayuga 72, kalpa yake ikafika 1,008, yaani miaka 4,354,560,000. Mwanafalaki mwenzake wa baadaye, Brahmagupta, alimshambulia kwa hilo mwaka 628. Sasa anayesema wahenga walijua, aseme ni mhenga yupi.

Jirani wa Hekalu

Naongeza la jiografia, maana hapo ndipo wasomaji wengi hujikwaa. Katika Purana, Jambudvipa ni bara la duara lenye upana wa yojana (kipimo cha kale cha umbali) 100,000, na mlima Meru katikati. Linazungukwa na bahari ya chumvi, kisha bara, kisha bahari ya maji ya miwa, na kuendelea: pombe, samli, mtindi, maziwa, maji matamu. Kila bara ni mara mbili ya lililotangulia. Kwa Aryabhata dunia ni tufe lenye kipenyo cha yojana 1,050. Bara moja la Purana haliingii kwenye tufe hilo hata ukilikunja. Maandiko yote mawili ni ya Kihindu, na yote mawili hayawezi kuwa kitabu kimoja cha sayansi. Al-Biruni, msomi Mwislamu aliyeandika kuhusu India mnamo 1030, alishangazwa na Brahmagupta: anakokotoa kupatwa kwa mwezi kwa kivuli cha dunia, halafu anamtetea Rahu, yule jitu anayemeza mwezi.

Pwani Kwetu

Samahani wakubwa, mimi nimekwama kwenye miungu. Kama kila ulimwengu una Brahma, na Brahma anaishi miaka 100 yake kisha anakufa, mungu ni nani?

Jirani wa Hekalu

Swali zuri. Miaka 100 ya Brahma, kwa siku 360 na usiku wake, ni trilioni 311.04 za kwetu, na kweli inakwisha.

Miungu mingi humo ni vyeo. Kila Manu ana Indra, yaani mfalme wa miungu, wake. Wa sasa anaitwa Purandara. Anayefuata ni Bali, ambaye ni asura, wa ukoo wa mahasimu wa miungu, na kwa sasa anakaa Sutala, chini ya ardhi. Mwanafalsafa Shankara analisema waziwazi: jina Indra ni kama neno amiri jeshi, anaitwa hivyo yeyote anayekaa kwenye nafasi. Brahmavaivarta Purana inamwonyesha Indra msafara wa siafu na kumwambia kila mmoja wao aliwahi kuwa Indra. Na katika andiko la kale la Brihadaranyaka Upanishad, mwenye hekima Yajnavalkya akiulizwa miungu ni mingapi anaanza na 3,306, anashuka hadi 33, sita, watatu, wawili, mmoja na nusu, mmoja.

Na hayo malimwengu mengi watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna loka, yaani makao, 14 zilizopangana ndani ya yai moja, saba juu kuanzia hapa duniani, saba chini, na kiumbe anapanda na kushuka kwa karma, yaani matunda ya matendo yake. Kuna mayai yenyewe, yasiyohesabika. Halafu kuna malimwengu ya kitabu cha Yoga Vasishtha: malkia Lila anauona ufalme mzima wa mumewe aliyekufa ukiendelea ndani ya chumba chake, kwa sababu humo ulimwengu ni fikra. Wanafalsafa wa Kihindu Ramanuja na Madhva hawakubali kuuita ulimwengu ndoto. Wanafizikia wanapozungumzia malimwengu mengi hawagusi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Hakuna kuzaliwa upya ndani ya milinganyo yao.

Mlinzi wa Mila

Angalau tukubaliane kwamba Uhindu unafundisha ulimwengu unaozaliwa, kufa na kuzaliwa tena.

Jirani wa Hekalu

Hata hapo hapana. Kumarila wa Mimamsa, shule ya kufasiri Veda (maandiko ya kale zaidi ya Kihindu), alikataa kabisa kwamba ulimwengu wote huangamia pamoja na kuumbwa upya. Na huyo ni mtetezi mkali wa Veda.

Ukitaka kuona kosmolojia hii ikitumika, sikiliza sankalpa, tamko la nia kabla ya puja (ibada), iwe Varanasi au Mombasa. Mwenye ibada anashika maji kiganjani, kuhani anataja: kalpa ya Shvetavaraha, Manu Vaivasvata, Kaliyuga ya 28, robo yake ya kwanza, Jambudvipa, nchi, tarehe ya mwezi, ukoo, jina, na nia. Ni anwani, kutoka mkubwa hadi mdogo. Aliyeko Mombasa kuhani asipomrekebishia nchi, atakuwa ametaja Bharatavarsha, yaani India, akiwa ameketi Afrika.

Kipepeo

Kwa hiyo shuleni iingie au isiingie?

Falaki

Iingie somo la historia ya hisabati. Wanafunzi wapewe 1,577,917,500 na 57,753,336, wagawe wenyewe, kisha wasome Brahmagupta anampinga Aryabhata kwa nini.

Mlinzi wa Mila

Na Bhagavata iende wapi? Ukiifunga kwenye historia ya hisabati umeua kilichomo.

Falaki

Iende somo la dini, ndugu yangu, na Kumarila akae dawati la pembeni.