Gari ya kubonyeza au ya ufunguo wa kuchomeka? Wa Kigoma na Tabora tupeane uzoefu

Mwisho wa Reli (mleta mada)
Wadau, habari za jioni. Nimevunja kibubu, natafuta gari ya kwanza. Hapa Mwanga, Kigoma mjini, dalali kanionyesha Toyota IST mbili, zote "new model", bei karibu zinalingana. Moja unachomeka ufunguo kama tulivyozoea. Nyingine rimoti inakaa mfukoni, unashika kitasa mlango unafunguka, unakanyaga breki, unabonyeza, imewaka. Mke wangu keshachagua ya kubonyeza. Na mimi naipenda, ila nikikumbuka tunaishi huku mwisho wa reli naingiwa na baridi. Dar ukipoteza rimoti unazunguka Kariakoo, jioni una nyingine. Hapa je?

Sitaki mliyoyaona YouTube. Nataka yaliyokukuta wewe.

Mama Pacha, Gungu
Kaka, kaa vizuri nikusimulie.

Mwaka juzi nilikuwa naenda Kasulu kuchukua maharage. Baba pacha alikuwa na safari yake ya Kagunga, kwa hiyo tukapitia Kibirizi kwenye maboti. Yeye ndiye aliyewasha gari nyumbani, rimoti ikabaki kwenye mfuko wa koti lake. Kashuka, kanipungia, mimi nikahamia kwenye usukani. Nilipofunga mlango gari ikalia pi-pi-pi na kwenye dashibodi kukawa na kataa kekundu ka ufunguo. Nikajua ni mkanda. Nikafunga mkanda, nikaongeza redio, huyoo.

Sasa ile gari haizimi kwa sababu rimoti imeondoka. Inalalamika tu, halafu inakuacha uende zako. Ukiizima ndiyo inakukana. Nikafika Kasulu sokoni, nikazima, nikapakia magunia mawili, nikabonyeza. Kimya. Nikamwaga mkoba wote juu ya boneti: poda, chenji, leso, risiti ya ushuru. Hapo ndipo lile koti likanijia akilini, linapanda boti. Nampigia, hapatikani, yuko katikati ya ziwa.

Bahati rimoti ya akiba ilikuwa kabatini. Binti akaitia kwenye bahasha ya kaki, akampa kondakta wa Coaster. Nilikaa juu ya kiroba pembeni ya muuza mihogo mpaka saa kumi na mbili jioni, gari haifungiki, hata chooni siwezi kwenda. Siku hizi kwetu anayekamata usukani anaonyesha rimoti kwanza, kama polisi anavyoonyeshwa leseni.

Mujiji
Pole mama, nimecheka mpaka nimepaliwa. Ila wa kuchomeka nao wasijisifu. Nilikuwa na Corolla 100 nyeupe, ufunguo umelika mpaka meno yamekuwa kama kijiko. Ijumaa moja nimetoka msikitini Ujiji, nikafungua, nikachomeka, nikaondoka. Kufika Katubuka nasikia harufu. Nageuka, siti ya nyuma kuna kapu la migebuka. Mimi sikununua samaki! Ilikuwa gari ya mzee mwingine, Corolla hiyohiyo, nyeupe hiyohiyo. Nikarudi mbio. Mzee kasimama pale pale nje, kashika kiatu kimoja. Hakunitukana, aliniuliza tu, "Mwanangu, samaki wapo?"

Ufunguo wa chuma usio na chipu ni kitasa cha kabati tu, jamani.

Mrina Asali, Sikonge
Mwangaluka wadau.

Mimi niko upande wa kubonyeza, japo iliwahi kuniadhiri. Tulikuwa porini kukagua mizinga, tunarudi kwenye gari jua linazama. Nashika kitasa, mlango hausikii. Nabonyeza rimoti, haiwaki hata kale kataa. Betri imekufa. Kumbe wiki nzima gari ilikuwa inaniandikia kwamba betri ya rimoti iko chini, tena kwa Kijapani. Nani asome?

Kijana wa miaka kumi na tisa niliyekuwa naye ndiye aliyeniokoa. Akachukua rimoti, akasukuma kale ka kufuli pembeni, akachomoa ufunguo mdogo wa chuma. Nimeendesha ile gari miaka miwili sijui kama una mtoto tumboni! Tukafungua mlango kwa mkono, king'ora kikaanza, ndege wote wa pori wakaruka. Akaniambia kanyaga breki, gusisha mgongo wa rimoti kwenye kile kitufe chenyewe. Ikalia mara moja, nikabonyeza, ikawaka na kelele zikakata.

Betri ni ile ya duara kama sarafu, kwangu ni CR2032. Sasa naweka ya akiba kwenye pochi. Isome namba kwenye betri ya zamani kabla hujaenda dukani, maana kuna za CR1632 zinafanana kwa macho.

Fundi Waya, Tabora mjini
Niongezee hapo kwa Mrina, maana watu wengi wanadhani ni uchawi. Ndani ya rimoti kuna vitu viwili. Kimoja kinatumia betri, ndicho kinachofungua milango. Kingine ni chipu isiyohitaji betri kabisa: ukiisogeza karibu, gari yenyewe inairushia nguvu kidogo nayo inajibu. Ndiyo maana kugusisha kunawasha. Hata funguo nyingi za kuchomeka za miaka hii zina chipu hiyo, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba utachonga kwa fundi wa kufuli ukamaliza. Mlango utafungua, injini itagoma.

Mleta mada, swali lako la msingi ni hili: gari inakuja na rimoti ngapi? Ikiwepo moja inayofanya kazi, kuongeza ya pili si kazi kubwa. Zikipotea zote, hapo ndipo utaita mtu na kompyuta yake kutoka mbali na kumlipia nauli na kulala. Nimeshaona gari imepaki Ipuli wiki tatu, kuku wanatagia chini yake.

Halafu msinunue rimoti kwa kufananisha ganda. Za Japani huwa karibu megahezi 315, za Ulaya 433. Ganda moja, lugha mbili.

Dereva wa Nzega
Wezi je? Mbona hamuwataji?

Fundi Waya, Tabora mjini
Ule wizi wa kuvuta mawimbi ya rimoti iliyo ndani ya nyumba mpaka kwenye gari upo, Ulaya wameulilia sana. Ukiogopa, ilaze kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Mimi ninachokiogopa zaidi ni mtu anayeziba mawimbi kwenye maegesho: unabonyeza kufunga huku unatembea, gari haijasikia, unaiacha wazi. Ukishafunga, rudi uvute kitasa. Yenye rimoti ya mfukoni ikikutambua inafunguka, kwa hiyo hapo angalia taa na vioo vya pembeni kama vinajikunja.

Bibi Harusi wa Kaliua
Yangu ilifuliwa na suruali ya mume. Nilitoa betri haraka, nikaianika juani nusu siku, ipo mpaka leo. Mume naye yupo.

Mwisho wa Reli (mleta mada)
Ahsanteni sana, Mama Pacha hasa. Leo nimerudi kwa dalali. Nikamwambia atoe betri ya rimoti aiwashe gari hivyo hivyo. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Nikafanya mwenyewe kama Mrina alivyosema, ikawaka, vijana wa kijiwe wakapiga makofi.

Nikauliza rimoti ya pili. Anasema ipo, iko Dar, inakuja na treni. Nimemwambia hakuna shida, na hela yake nayo iko kwenye behewa hilohilo.