Tupeane uzoefu: umeirudia sinema ya kutisha ya Alien (1979) ukubwani, ilikuwaje?

Bundi: Wakuu, jana usiku nimeirudia. Utotoni niliichungulia nyuma ya kochi, nikabaki na kumbukumbu ya meno na mate tu. Jana kilichonikaba ni ukimya wa kile chombo cha angani, na mafundi wake Parker na Brett wakilalamikia bonasi kabla dude halijaingia. Nyie je?

Kipepeo: Mimi mpaka leo nikisikia minyororo ikigongana na maji yakidondoka, namwona Brett akimtafuta yule paka.

Tai: Inachelewa mno. Karibu saa nzima hakuna kitu.

Bundi: Huko kuchelewa ndiko kunakotisha, mkuu.

Tai: Labda kwako. Mimi nilisinzia.

Msafiri: Langu ni refu, mnivumilie. Niliwahi kuugua mapafu, nikawekewa mpira wa kupumulia kooni siku kadhaa. Ulipotolewa, nilichosikia si maumivu, ni njaa. Waliponiruhusu uji niliunywa huku nacheka na wauguzi, nikijua yamekwisha. Usiku uleule nikazidiwa, nikarudishwa kwenye mashine. Mwezi uliopita nikaiweka sinema hii, nimeshasahau mengi. Kane, mmoja wa wafanyakazi wa chombo, aliyezimia baada ya kiumbe kumng'ang'ania usoni, anazinduka, anakaa mezani na wenzake, anakula kwa pupa, wanataniana. Kinachofuata mnakijua: dude linampasua kifua na kutoka. Mimi nililia kabla hata ya damu. Ile furaha ya mezani ndiyo iliyonishinda. Nikazima, nikakaa gizani nimejishika kifua.

Kipepeo: Pole sana. Sitaiangalia tena ile meza kwa jicho lilelile.

Tai: Pole mkuu. Nayaondoa maneno yangu ya kusinzia.

Jabali: Achana nayo kabisa. Afya kwanza.

Mwewe: Hapana, aimalize, tena mchana. Ripley, yule mwanamke shujaa wa sinema, anatoka hai, na paka wake.

Jabali: Basi asiguse toleo la 2003. Lina kipande cha nahodha Dallas anaomba auawe.

Kipepeo: Mimi hofu ilipungua nilipojua ndani ya lile vazi la dude alikuwemo Mnigeria, Bolaji Badejo, kijana wa zaidi ya mita 2. Ukishajua ni mtu, unapumua.

Mwewe: Hilo kubwa, sawa. Lile la mezani lilikuwa sanamu la kuchezeshwa kwa mkono.

Tai: Mimi ningesema usiku, taa zote ziwake, sauti chini.

Bundi: Sauti chini utaikosa nusu ya sinema!

Msafiri: Asanteni. Nimeianza upya sasa hivi, dada yangu kakaa pembeni. Ndiyo kwanza wanaamka usingizini.